Jicho ni rahisi, daftari ndilo ghali: historia fupi ya kamera za nyumbani Nairobi

Nikisema kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, swali linalofuata huwa ni la kamera. "Nataka kuweka kamera za usalama nyumbani. Ninunue za aina gani?" Anayeuliza anaweza kuwa mkaazi wa Lavington mwenye ua mpana na geti la umeme, au mwenye ploti ya vyumba kumi kule Kangemi. Swali ni lile lile.

Nami huwajibu kwa swali: picha zitakaa wapi, na nani atakuwa na ufunguo wa mahali hapo? Wengine hudhani ninakwepa. Sikwepi. Ukisoma historia ya ulinzi katika jiji hili utaona kwamba macho hayajawahi kuwa haba Nairobi. Kilichogombaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja ni daftari: nani anaandika, nani anatunza, nani anaruhusiwa kusoma, na nani anaweza kurarua ukurasa. Leo tupitie historia hiyo, kisha tuje kwenye waya na diski.

DAFTARI LILILOVALIWA SHINGONI

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa kwa ukali, kufikia 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande. Hiyo ilikuwa karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ikiwa ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni.

Kwa lugha yetu ya kompyuta, kipande kilikuwa rekodi ya mtumiaji ambayo mtumiaji mwenyewe hakuruhusiwa kuihariri. Mwajiri ndiye aliyejaza siku ya kuanza kazi na siku ya kuacha. Asipotia sahihi ya kukuacha, ukikutwa kwingine wewe ni mtoro. Uliibeba rekodi yako kifuani, lakini haikuwa yako.

Watu waliliona hilo mapema sana. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akusanye umati mjini Nairobi. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimozuiliwa, karibu na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina lake. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na wengi waliamini waliokufa ni zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Jiji lenyewe lilipangwa kwa rangi. Wazungu walichukua nyanda za juu za magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki. Mwafrika aliyeonekana Kilimani au Lavington alitarajiwa kueleza anamfanyia nani kazi. Ulinzi wa mitaa ya magharibi ulizaliwa hivyo: mwenye nyumba hutazama, mfanyakazi hutazamwa. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalikuta tena sebuleni.

Aprili 24, 1954 serikali ya kikoloni ililizingira jiji zima katika Operesheni Anvil. Watu walipangwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Aliitwa gakunia. Akitikisa kichwa, umekwenda kizuizini. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Hakukuwa na njia ya kumuuliza gakunia ameona nini, lini na wapi. Huo ndio mfano mbaya kuliko yote wa jicho lisilo na daftari: linaona, linahukumu, na halikaguliki.

ASKARI NA KITABU CHA GETI

Uhuru ulipokuja 1963 nyumba za magharibi zilianza kubadilisha wenyewe, lakini kuta hazikushuka. Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka ya katikati ya jiji yaliporwa, na nyumba za Ngara na Parklands zikavamiwa. Kufikia miaka ya 1990 watu walikuwa wakiliita jiji "Nairobbery". Vyuma vya madirisha, vigae vya chupa juu ya ukuta, mbwa, kisha nyaya za umeme. Na katikati ya yote hayo, askari wa geti na rungu lake.

Lakini chombo chenye nguvu zaidi getini si rungu, ni kile kitabu. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, unamwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi waandishi wa programu tuna daftari letu, tunaliita logi, na kitabu cha geti ni logi kamili yenye kasoro zote za logi. Mgeni anaweza kujiandika jina la uongo. Ukurasa hung'oka. Na kila anayeingia baada yako anasoma nambari ya kitambulisho na ya simu uliyoiandika, bure kabisa.

Agosti 7, 1998 ilionyesha kasoro nyingine. Lori la bomu lilipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, mlinzi Mkenya alikataa kufungua kizuizi. Aliona hatari. Akajaribu kuwaarifu waliokuwa ndani, hakuwapata, kwa kuwa mawasiliano yalikuwa yameshikwa. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo. Jicho lilifanya kazi yake. Njia ya kutoka kwenye jicho hadi kwa mtu wa kuchukua hatua ndiyo iliyokatika. Kumbuka hilo kila unapoona kamera nzuri iliyounganishwa na intaneti mbovu.

KAMERA INAINGIA NYUMBANI

Kamera ya usalama wa nyumba haikubuniwa na kampuni kubwa. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi wa Queens, New York, aliyerudi nyumbani saa za ajabu na kuishi mahali ambapo polisi walichelewa kufika, aliomba hataza pamoja na mumewe Albert, fundi wa elektroniki. Walipewa Desemba 2, 1969. Mlango ulikuwa na matundu manne, kamera ikipanda na kushuka baina yake, picha ikionekana kwenye televisheni ndani ya nyumba. Mlikuwa na kipaza sauti cha kuzungumza na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango na kitufe cha kuomba msaada. Ukinunua kengele ya mlango yenye kamera leo, unanunua wazo lake.

Kurekodi kulikuja kwa kanda za video. Kanda ya kawaida ilichukua saa tatu, kwa hiyo mashine za usalama zilipunguza idadi ya picha ili kanda ivuke siku nzima, na kanda zilezile zikarudiwa mpaka sura ya mtu ikawa ukungu. Ilikuwa teknolojia ya benki na hoteli, si ya ploti.

Kilichoileta nyumbani ni diski. Mara picha ilipokuwa data, ilihitaji kisanduku tu, kile ambacho mafundi wote wa Luthuli Avenue wanakiita DVR. Barabara hiyo, iliyojulikana kwa redio na spika, ikawa pia barabara ya kamera: leo unatoka na seti ya kamera nne, waya na kisanduku kwenye mfuko mmoja. Halafu mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na kutazama geti lako la Kileleshwa ukiwa Dubai ilikuwa ndoto ya bei mbaya. Baada ya hapo faiba ikaanza kuingia mitaani, na picha ikatoka nje ya nyumba. Hapo ndipo swali la daftari lilipogeuka kuwa swali la kila mtu.

WESTGATE: KAMERA INAMPINGA MKUBWA

Septemba 21, 2013 washambuliaji waliingia Westgate, Westlands, wakaua watu 67. Wakati wa mzingiro maafisa walisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15. Kamera za ndani ya jengo zilionyesha wanne. Wanajeshi walipotuhumiwa kupora maduka, jibu la kwanza lilikuwa kwamba walichukua maji tu, kwa kiu. Picha zilizotangazwa Oktoba ziliwaonyesha wakitoka na mifuko. Mwishoni mwa mwezi huo Jenerali Julius Karangi alitangaza kuwa wanajeshi wawili wamefutwa kazi na kufungwa.

Fikiria jambo hilo kidogo. Kamera zile ziliwekwa kwa ajili ya wezi wa madukani. Hazikumzuia muuaji hata mmoja. Lakini kwa kuwa rekodi zilibaki na zikafika kwa watu wa nje, ziliweza kusema "sivyo" kwa taarifa ya wakubwa. Kwa mara moja Nairobi iliona mtazamwaji akimtazama mtazamaji.

Serikali nayo ilipata somo lake. Mwaka 2014 Safaricom ilipewa mkataba wa karibu shilingi bilioni 14.9 kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano na kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa vifaa vya Huawei. Nguzo zikapanda katikati ya jiji. Macho yakaongezeka sana. Daftari likabaki kwa polisi.

SEBULENI

Mwaka huohuo, mjini Kampala, baba mmoja alitilia shaka majeraha ya mtoto wake mdogo, akaficha kamera sebuleni. Novemba 2014 video ya mfanyakazi wa nyumbani akimpiga na kumkanyaga mtoto ilizunguka dunia nzima. Mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi uliofuata. Bila kamera ile, ingekuwa neno la mtoto asiyejua kusema.

Hakuna mzazi wa Nairobi aliyeitazama video hiyo akalala vizuri, na simlaumu anayeweka kamera sebuleni. Lakini hapa ndipo ule mpango wa zamani unarudi: mwenye nyumba hutazama, mfanyakazi hutazamwa. Yaya analala kwenye nyumba ile ile. Anabadilisha nguo humo. Kamera iliyofichwa chumbani kwake ni gakunia wa plastiki.

Sheria imeanza kulisema hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, akaanza kazi mwaka uliofuata. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini zilizogusa upande wetu huu wa magharibi: klabu ya Casa Vera ya Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule ya Roma ya Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo hazikuwa kamera za usalama, lakini kanuni ni moja: sura ya mtu ni data yake.

Sheria hiyo huyaacha nje mambo ya nyumbani kabisa. Je, kamera yako inayoona hadi barabarani na kwenye dirisha la jirani ni jambo la nyumbani kabisa? Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikiamua kesi ya Mcheki aliyeweka kamera baada ya madirisha yake kuvunjwa, ilisema kamera inayoitazama njia ya umma imevuka mipaka ya nyumbani, hata kama mwenyewe ana sababu nzuri ya kujilinda. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Kenya, lakini maneno ya sheria yetu yanafanana na yale.

DAFTARI LIKIIBWA, DAFTARI LIKIFUTWA

Kuna njia mbili za kupoteza daftari. Ya kwanza ni mgeni kuingia. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, zaidi ya 60, kwenye vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti. Kamera na DVR kwa maelfu, ambazo wenyewe hawakubadilisha neno la siri, zikawa jeshi. Oktoba 21 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter zikapotea kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Geti lao lilikuwa linawapiga watu wa mbali.

Njia ya pili ni mwenye ufunguo kufuta. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na akapatikana amekufa akiwa mikononi mwa polisi wa Central Police Station. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikataa maelezo hayo. Kituo kilikuwa na kamera! Lakini mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, iliiambia Seneti kwamba mfumo huo wa kamera ulikuwa umechezewa. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo fundi wa kamera.

Kituo hicho hakiko mbali na pale umati wa Thuku uliposimama 1922. Karne moja baadaye jengo lina macho ya elektroniki, na bado swali ni nani anayeshika daftari. Wale waliokuwa wakishtakiwa na rekodi ndio waliokuwa karibu nayo. Ukijenga mfumo wa aina hiyo, haijalishi umenunua kamera ya bei gani.

SASA, WAYA NA DISKI

Haya, tuje nyumbani. Mfumo mzuri ni ule ambao anayeweza kunufaika kwa kufuta rekodi hawezi kuifuta.

Kwanza, kisanduku. Usikiweke chini ya televisheni, mahali pa kwanza mwizi anapopekua, wala kwenye kibanda cha askari. Kifungie juu ya dari au kwenye kabati, na kamera ya getini itume nakala nje ya nyumba. Nakala mbili, mahali pawili.

Pili, hesabu ya diski. Kamera moja ya picha safi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku kama 11, kisha inaanza kujifuta. Siku za mwizi ni arobaini. Za diski yako ni kumi na moja. Ukitaka arobaini kamili utahitaji terabaiti 3.5, yaani nunua 4. Usizidishe hapo. Rekodi usiyoihitaji ni mzigo unaosubiri kuvuja.

Tatu, saa. DVR nyingi za bei nafuu zikikosa stima hurudi mwaka 2000 au huchelewa. Iambie ichukue saa kutoka kwenye intaneti na uweke ukanda wa Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kamera ikionyesha 20:14 na askari akiandika saa mbili na robo usiku, hakikisha wote wawili wanasema ukweli mmoja. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hudai cheti kinachoeleza rekodi ilitoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Wakili wa upande wa pili ataanzia kwenye saa.

Nne, stima. Juni 7, 2016 tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma ya Gitaru na nchi nzima ikazima kwa zaidi ya saa tatu. Weka betri ya dharura kwenye DVR na kwenye rauta, zote mbili. Betri kwenye kamera peke yake ni jicho bila njia.

Tano, maneno ya siri. Badilisha la kiwandani siku ya kwanza, mbele ya fundi, kisha ulibadilishe tena akishaondoka. Zima mlango wowote wa kuingilia kutoka nje usioutumia. Fundi mwaminifu hatachukia.

Sita, na hili ndilo watu huliruka: waambie wanaotazamwa. Weka kibao getini. Mwonyeshe yaya na askari kila kamera ilipo. Chumba cha kulala na bafu visiguswe. Ikitokea mzozo, yaya akisema "tazameni rekodi ya Jumanne", itazamwe, kwa maana rekodi inaweza kumtetea yeye pia. Daftari ambalo linaweza kumhukumu mfanyakazi tu na haliwezi kumsafisha ni kipande kilichorudi.

Ukishayamaliza hayo sita, nenda Luthuli ununue kamera yoyote inayoona gizani na isiyoingiza maji. Hapo ndipo bei itakuwa na maana.